Video inasema Afrika inapasuka na Dar itazama. Niuze kiwanja changu Kigamboni?

"Shikamoo mwalimu. Tunaishi Upanga, watoto watatu, na Kigamboni tuna nyumba tunayoijenga kidogo kidogo, sasa imefika kwenye lenta. Kwenye kundi la WhatsApp la familia imeletwa video ya ufa mkubwa uliokata barabara Kenya. Anayesimulia anasema Afrika inagawanyika vipande viwili, bahari inaingia, na miji ya pwani ikiwemo Dar itazama. Shemeji yangu anasema ndiyo maana tulitikiswa ule usiku wa Agosti 2020. Siku ile nilikuwa ghorofa ya nne, maji kwenye sufuria yalicheza mpaka yakamwagika, tukashuka ngazi pekupeku mbio. Mume wangu sasa anataka tuuze Kigamboni tukajenge Dodoma. Kibaya zaidi, ukuta wa chumba kimoja umepata ufa unaopanda kutoka kona ya dirisha, na yeye anasema ni dalili. Je, bara linapasuka kweli? Dar iko salama? Na huo ufa wa ukutani una uhusiano wowote?"

Marahaba, mama, na poleni kwa hofu iliyoingia nyumbani. Ile video imefunga mambo matatu tofauti katika furushi moja, na ndiyo maana inatisha. Kwa kuwa kuna uamuzi wa pesa unawasubiri, nitangulize jibu. Ni kweli Afrika inapasuka. Si kweli kwamba Dar es Salaam itazama kwa sababu hiyo. Ufa wa ukutani kwako karibu hakika hauhusiani na Bonde la Ufa, ila ni ufa wa kushughulikiwa, tena kabla ya kupaua. Kuuza kiwanja kwa ajili ya video hiyo nisingekushauri.

Tuanze na video yenyewe. Kwa maelezo yako ni ile inayozunguka tangu Machi 2018, ya eneo la Suswa, kwenye barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok. Picha haikutengenezwa, korongo lile lilikuwepo na lilikata barabara kweli. Lakini lilitokea baada ya mvua kubwa, mahali ambapo ardhi ya juu ni majivu ya volkano za kale, laini, yasiyoshikana. Maji yakipenya yanayabeba majivu hayo chini kwa chini na kuacha pango, na siku ya pango kuporomoka watu wanaona shimo refu ambalo jana halikuwepo. Wapo wanajiolojia waliosema maji yalifuata mstari wa udhaifu wa zamani ulioko chini, na hilo linawezekana, maana eneo lote limo ndani ya Bonde la Ufa. Hata hivyo kilichofungua ardhi siku ile ni maji. Bara lingeachana mita kadhaa kwa mkupuo, Nairobi nzima ingetikisika vibaya.

Ukitaka kujua kupasuka kwenyewe kunavyokuwa, tazama Afar, kaskazini mwa Ethiopia. Septemba 2005, karibu na volkano ya Dabbahu, ardhi ilifunguka kwa urefu wa kilomita zipatazo 60, na mahali pengine kingo zikaachana hadi mita 8, yote ndani ya wiki chache. Kulikuwa na matetemeko mfululizo, volkano ikalipuka majivu, na chini kwa chini uji wa mawe ya moto ukapanda kujaza nafasi iliyoachwa. Kupasuka kwa bara kunakuja na vishindo kama hivyo. Hakuji kimya baada ya mvua.

Sasa kwa nini kunatokea? Hapa kuna dhana moja inabidi niiondoe kwanza, maana wengi tumekua nayo: kwamba chini ya ardhi kuna bahari ya moto na sisi tunaelea juu yake. Haiko hivyo. Tabaka gumu la juu ya dunia limekatika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba, na unene wa bamba chini ya bara ni kama kilomita 100 au zaidi. Chini yake kuna mwamba wenye joto la zaidi ya nyuzi 1,300. Mwamba huo ni mgumu. Ungeweza kuufikia na kuupiga nyundo, ungelia kama jiwe. Ila kwa joto na mgandamizo ule unajongea polepole mno, sentimita chache kwa mwaka. Mabamba yanasogea pamoja nao, na yanasogea zaidi kwa sababu kwingineko kingo za mabamba ya bahari, zikishapoa na kuwa nzito, zinazama chini ya mabamba jirani na kuvuta kilichobaki nyuma. Hicho ndicho kinachotokea mbele ya pwani za Japani, Chile na Indonesia.

Karibu kila umbo kubwa unaloliona kwenye ramani ya dunia limetokana na mwendo huo. India ilitoka kusini, jirani yetu kabisa, ikaenda kugonga Asia miaka takriban milioni 50 iliyopita. Mgongano haujaisha, na matokeo yake ni Himalaya. Katikati ya Atlantiki mabamba yanaachana, na chini ya maji kuna safu ya milima inayokwenda kutoka kaskazini hadi kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mchora ramani Marie Tharp, akiunganisha vipimo vya kina cha bahari, aligundua kwamba katikati ya safu hiyo kuna bonde refu lenye kingo kali. Wenzake walisita kumwamini. Lakini matetemeko ya Atlantiki yalipowekwa kwenye ramani yalifuata bonde hilohilo, na sura yake ilishabihiana na Bonde la Ufa la Afrika Mashariki. Alfred Wegener alikuwa amesema tangu 1912 kwamba mabara yanasogea, akapingwa, akafariki Greenland mwaka 1930 bila kukubaliwa. Ramani za sakafu ya bahari ndizo zilizobadilisha mawazo ya wataalamu, na umbo la nchi yetu lilisaidia kuzisoma.

Kwetu, mwamba wa moto unaopanda kutoka chini umeinua sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Ndiyo sababu Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari wakati wewe Upanga uko mita chache tu. Nchi iliyoinuliwa hivyo inavutwa pande mbili, inakonda, inakatika kwa mistari mirefu, na kipande cha katikati kinashuka. Ukipanda basi kwenda Karatu, baada ya Mto wa Mbu barabara inaanza kupanda ukuta wa mlima kwa kona kali, na Ziwa Manyara linabaki chini kabisa upande wa kushoto. Huo ukuta ni mkato wenyewe: ulikokaa juu ni ukingo uliobaki, na ziwa limelala kwenye kipande kilichoshuka. Ziwa Tanganyika ni hivyohivyo kwa kipimo kikubwa zaidi. Uso wake uko mita zipatazo 773 juu ya bahari, kina chake kinafika mita 1,470, maana yake sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari, huko magharibi kabisa mwa nchi, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka feri ya Kigamboni.

Bonde lina matawi mawili. La magharibi linatoka Uganda, linapita Tanganyika na Rukwa hadi Ziwa Nyasa. La mashariki linatoka Ethiopia, linapita Kenya, linaingia kwetu Natron na Manyara, kisha linatawanyika likikaribia Dodoma. Katikati kuna mwamba mkongwe wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ule unaochimbwa dhahabu Geita, ambao umekataa kukatika, kwa hiyo ufa umeuzunguka pande zote mbili. Volkano zetu kubwa, Kilimanjaro, Meru, Ngorongoro, zimezaliwa na tawi la mashariki. Ol Doinyo Lengai bado iko hai, na ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya aina ya kaboneti, jamii ya magadi, isiyo na joto kali kama nyingine: nyuzi 500 hadi 600 hivi.

Angalia basi Dar es Salaam iko wapi katika ramani hiyo. Haimo kwenye tawi lolote. Na ukisema "tuhamie Dodoma tukimbie ufa", mtakuwa mmeusogelea. Matetemeko madogo na ya kati yanasikika Dodoma mara nyingi kuliko Dar. Sisemi Dodoma ni pa hatari ya kuogopwa. Watu wanajenga na wanaishi vizuri. Kama mna sababu za kazi au familia, nendeni. Lakini sababu aliyoitoa mzee wa nyumba inaelekeza upande usio wake.

Kuhusu mwendo: vituo vya vipimo vya setilaiti vilivyofungwa kwenye miamba vinaonyesha kwamba kaskazini, Ethiopia, pande mbili zinaachana kwa milimita 6 hadi 7 kwa mwaka, na kadiri unavyoshuka kusini kasi inapungua. Kwetu ni milimita chache tu. Chukua tatu. Mwanao akifikisha miaka 50, jumla itakuwa sentimita 15. Bahari ikija kuingia, itaanzia Afar, ambako bonde la Danakil tayari liko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na hiyo ni hesabu ya mamilioni ya miaka. Tena nyufa za namna hii huweza kukoma njiani kabla bahari haijazaliwa, imeshatokea kwingine. Na hata ikifika mwisho wake, maji yatajaa kwenye Bonde la Ufa, magharibi yetu. Dar itakuwa upande wa mashariki unaosogea, nchi kavu ileile.

Shemeji yako, hata hivyo, hakukosea kabisa. Pwani yetu ina historia yake, na mimi huisimulia kila ninapopata nafasi, kwa sababu sisi wa pwani tunaishi kwenye ukingo ambao ulishachanika zamani. Madagascar ilikuwa imeshikana na Afrika, ubavuni mwa Tanzania, Kenya na Somalia. Miaka zaidi ya milioni 150 iliyopita ilianza kuachana nasi ikateleza kwenda kusini mpaka ilipo leo. Bahari ikaingia nafasi hiyo. Tendaguru, mkoani Lindi, ushahidi uko wazi: matabaka yenye mifupa ya dinosaria yamepishana na matabaka yenye makombe ya bahari, kwa maana bahari changa ilikuwa inaingia na kurudi pale wanyama wale walipoishi. Mmoja wao, aliyechimbwa kati ya 1909 na 1913, amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, na kichwa chake kiko juu zaidi ya mita 13. Matope na mchanga uliojaa katika ukingo huo kwa mamilioni ya miaka ndio uliohifadhi gesi ya Songo Songo, inayowasha taa za Dar tangu 2004.

Mstari ambao Madagascar iliteleza juu yake bado upo chini ya bahari, na leo unavutwa upya na nguvu zilezile zinazofungua Bonde la Ufa. Katika ukingo huohuo, tarehe 12 Agosti 2020, saa mbili usiku na dakika chache, tetemeko la ukubwa wa 6 hivi lilitokea baharini kusini-mashariki mwa Dar, upande wa Mafia. Fikiria unasukuma kabati zito sakafuni: unasukuma, halisogei, unasukuma, halisogei, kisha linachomoka ghafla. Miamba miwili iliyobanana hufanya hivyo, na ule mchomoko ndio tetemeko. Kwa hiyo shemeji yuko sahihi kwamba asili ni moja. Alipokosea ni kuufanya mtikisiko kuwa hatua ya mji kuelekea kuzama. Ulikuwa ni mwamba umelegeza mvutano wake. Nanyi mliokuwa ghorofani mliusikia zaidi kwa sababu jengo refu huyumba zaidi juu kuliko chini, na kwa sababu mji wetu umekaa juu ya mashapo laini ambayo hukuza mtikisiko.

Sasa niseme upande mwingine bila kuuficha, maana nisingependa uondoke hapa ukidhani Dar haiwezi kuguswa. Inaweza. Tanzania imewahi kupata tetemeko kubwa sana, la Rukwa, Desemba 1910, linalokadiriwa kuwa na ukubwa wa zaidi ya 7. Na Septemba 2016 Kagera ilipigwa na tetemeko la 5.9, karibu sawa na lile la Dar la 2020. Dar tulishuka ngazi tukarudi kulala. Kagera watu zaidi ya kumi na tano walifariki na maelfu ya nyumba zikabomoka au kupasuka. Tofauti ilikuwa umbali, kwa sababu la Kagera lilitokea nchi kavu, chini ya watu. Na ilikuwa nyumba. Kuta za matofali zisizofungwa na kitu, zilizojengwa kwa tope au kwa mchanga mwingi na saruji kidogo, ndizo zilizoua.

Na bahari pia. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilianzia Sumatra, ambako bamba moja linazama chini ya jingine. Mbele ya pwani yetu hakuna mahali pa namna hiyo. Hata hivyo mawimbi yalivuka bahari yote na watu wapatao kumi wakapoteza maisha hapa nchini, wengi wakiwa wanaogelea ufukweni Dar. Kigamboni, basi, ukiona maji yanakimbia ufukwe bila kuwa muda wa kupwa, au ukitikiswa kwa muda mrefu ukiwa pwani, chukua watoto mpande juu, msisubiri kuona kinachofuata. Tahadhari rasmi hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Siku za kawaida, jambo la kuuliza kuhusu kiwanja chako ni kimo chake juu ya maji na kama kinatuamisha mvua.

Tuje kwenye ukuta, ambako mimi ningeweka nguvu na pesa zenu. Ufa unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, kwa kawaida husema kwamba sehemu moja ya msingi imeshuka kuliko nyingine. Maeneo ya Kigamboni hubadilika haraka: huku mchanga, hatua chache mbele mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi, kwingine kifusi kilichomwagwa kujaza bwawa. Nyumba moja inaweza kukanyaga aina mbili za udongo. Nyufa nyembamba zilizotawanyika kama utando juu ya plasta ni jambo jingine, ni plasta iliyokauka haraka, hizo zisikukoseshe raha.

Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia juu na chini, andika tarehe ukutani. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Bandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa kwa gundi ngumu, ncha zote mbili zishike. Ufa ukiendelea kufunguka, kioo kitavunjika. Rudia picha kila wiki, hasa mvua zikianza. Wala fundi asije akaziba kwa saruji kabla ya hapo, kwa sababu utakuwa umefuta ushahidi.

Usingoje vipimo hivyo ikiwa upana umezidi milimita 5, ikiwa ufa unaonekana hata kwenye msingi, ikiwa upande mmoja wa ukuta umetokeza mbele kuliko mwingine, au ikiwa nguzo ya zege ndiyo iliyopasuka. Hapo mwite injinia aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, aje kwenye kiwanja chenyewe. Kwa picha za simu hakuna atakayekupa jibu la kuaminika, mimi nikiwemo. Akisema achimbe shimo pembeni ya msingi kuona udongo, mruhusu, ni gharama ndogo kuliko kubomoa.

Akiwa hapo muulize pia habari ya tetemeko, kwa kuwa bado mko kwenye hatua nzuri ya kurekebisha. Lenta izunguke nyumba nzima bila kukatika, isiishie juu ya milango na madirisha tu. Nondo za nguzo ziingie ndani ya lenta na kukunjwa, na zile nyembamba zinazozungushwa kwenye nguzo zikaribiane zaidi juu na chini, kwenye maungio, kwa sababu hapo ndipo nguzo huvunjika. Nyumba ya chini, msingi imara, kuta zilizofungwa hivyo, kwa mtikisiko kama wa 2020 itakulinda vizuri. Kwa taarifa za matetemeko na aina ya miamba ya eneo lenu, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, makao yake Dodoma, ndiyo yenye jukumu hilo.

Na kule Upanga, mkitikiswa tena, msikimbilie ngazi wakati jengo bado linayumba. Watu wengi huumia kwenye ngazi. Ingieni chini ya meza imara, mbali na vioo na kabati, mzime jiko kama liko karibu. Likitulia, vaeni viatu, shukeni kwa ngazi, lifti muiache.

Mkishapata majibu ya injinia, kaa na mumeo mtazame mambo mawili: gharama ya kuimarisha msingi, na bei mtakayopata mkiuza nyumba yenye ufa ambao haujaelezwa. Kama atasema msingi unarekebishika, rekebisheni kwanza, mpitishe msimu mmoja wa mvua na kile kipande cha kioo kikiwa ukutani, kisha ndipo mnunue mbao na mabati.